Akiba ya Mafuta Mwilini mwa Nzige Mwekundu na Historia ya Udhibiti Wake katika Bonde la Rukwa, 1930–2009

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, una sura mbili za ardhi. Juu kuna nyanda za Mbozi, Tunduma na Ileje, zenye mahindi, kahawa, maharage na ulezi. Chini, anaposhuka mtu kwa barabara ya Mlowo hadi Kamsamba, kuna Bonde la Rukwa: joto kali, mbuga za majani marefu, ardhi yenye chumvi, na ziwa lisilo na mto wa kutolea maji yake. Mto Momba na ule Mto Songwe wa kaskazini, ambao haupaswi kuchanganywa na Songwe wa mpakani mwa Malawi, huishia humo. Maji ya ziwa hupanda na kushuka kwa vipindi vya miaka, na kila yanaposhuka huacha ardhi tupu ambayo majani huivamia upya. Mbuga hizo ni mojawapo ya vitovu vya asili vya nzige mwekundu, ambaye wataalamu humwita Nomadacris septemfasciata.

Kati ya mwaka 1930 na 1944 nzige huyo alienea katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini mwa Ikweta. Baa la ukubwa ule halijarudi tena. Maelezo ya kawaida ya mafanikio hayo hutaja mambo matatu: mkataba wa kimataifa wa mwaka 1949, ndege za kunyunyizia dawa, na maendeleo ya kemia ya viuadudu. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanamwacha nzige mwenyewe nje ya historia yake, kana kwamba alikuwa shabaha tu iliyongoja kupigwa.

Hoja ya insha hii ni kwamba udhibiti wa nzige mwekundu uliwezekana kwa sababu ya namna mdudu huyo anavyoweka na kutumia akiba yake ya mafuta. Akiba hiyo humwezesha kuishi miezi mingi ya kiangazi bila kuzaa, na miezi hiyo ndiyo iliyowapa wadhibiti nafasi ya kumtafuta na kumuua kabla hajaongezeka. Aidha, sumu kuu zilizotumika dhidi ya nzige katika karne ya 20 zilihusiana na mafuta hayo, kila moja kwa njia yake, na gharama ya uhusiano huo haikulipwa na nzige peke yao.

2.0 Tishu ya akiba: ilivyo na ifanyavyo kazi

Mtu akimpasua tumboni nzige aliyenona huona vipande laini, vyenye rangi kati ya nyeupe na manjano, vilivyolala chini ya ngozi na kuuzunguka utumbo. Vipande hivyo ni tishu hai inayopokea, kugeuza, kuhifadhi na kutoa, na kwa hiyo haifai kufikiriwa kama mafuta yaliyoganda tu. Kwa walaji wa wadudu, utajiri wake si jambo geni. Kumbikumbi wanaotoka kichuguuni mvua zinapoanza hukaangika kwa mafuta yao wenyewe bila kuongezewa mengine, kwa sababu kila mmoja ametoka akiwa amebeba chakula cha safari na cha kuanzishia kichuguu kipya.

Tishu hiyo ina tabaka mbili. Tabaka la nje hulala chini ya ngozi ya mdudu, na la ndani hufuata utumbo na viungo vya uzazi. Umbo lake la karatasi nyembamba na vishikizo vilivyokatikakatika lina sababu. Mdudu hana mtandao wa mishipa unaofikisha damu katika kila kiungo kama alivyo mnyama mwenye uti wa mgongo. Damu yake, iitwayo hemolimfu, hujaza uwazi wa mwili na kuviogesha viungo vyote. Tishu iliyotandazwa namna hiyo hugusana na damu kwa eneo kubwa, hivyo huweza kuchota na kurudisha virutubishi kwa haraka.

Seli zake kuu huitwa trofosaiti. Katika mdudu aliyeshiba, seli hizo hujaa matone ya mafuta kiasi cha kubana kiini cha seli, na kando ya matone hayo huwekwa glikojeni, yaani wanga wa mnyama, pamoja na chembe za protini. Katika jamii nyingine za wadudu kuna seli za ziada: mende, kwa mfano, huhifadhi asidi ya yuriki katika seli maalumu na hubeba bakteria wenye manufaa katika seli nyingine za tishu hiyohiyo. Kwa kulinganisha na binadamu, tishu hii hufanya kazi ya ini na kazi ya mafuta ya mwilini kwa pamoja. Huunda sukari ya damu, huunda protini za mayai, huondoa baadhi ya sumu, na hutoa kemikali za kupambana na vijidudu.

Maarifa haya hayakupatikana kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1942 V. B. Wigglesworth, nchini Uingereza, alieleza jinsi mafuta, glikojeni na protini vinavyopungua katika seli za viluwiluwi vya mbu walioshindishwa njaa na jinsi vinavyorudi wanapolishwa tena. Mwaka 1957 Wyatt na Kalf walionyesha kwamba sukari kuu katika damu ya wadudu waliowachunguza ni trehalosi, na miaka miwili baadaye Candy na Kilby walithibitisha kwamba trehalosi ya nzige huundwa katika tishu ya mafuta. Mwaka 1969 Pan, Bell na Telfer walionyesha kwamba protini inayojaza mayai ya wadudu hutengenezwa katika tishu hiyohiyo, kisha husafirishwa kwa damu hadi kwenye ovari.

Tarehe hizi zina uzito katika historia ya Rukwa. Mkataba wa kudhibiti nzige wekundu ulipotiwa saini mwaka 1949, sehemu kubwa ya mambo hayo ilikuwa haijajulikana. Wadhibiti walikuwa wakiitegemea sifa ya tishu ambayo sayansi ilikuwa bado haijaieleza. Walichokuwa nacho ni kalenda ya nzige, iliyopatikana kwa kutembea majanini na kumtazama.

3.0 Miezi ya kungoja

Nzige mwekundu huzaa kizazi kimoja tu kwa mwaka. Majike hutaga ardhini mvua zinapoanza, kwa kawaida Novemba na Desemba. Tunutu huanguliwa baada ya takribani mwezi mmoja, hujivua ngozi mara kadhaa huku wakila majani mabichi ya masika, na kufikia Machi au Aprili huota mabawa. Kuanzia hapo ni wapevu kwa umbo, lakini ovari za majike hubaki changa. Hawatagi Mei, wala Julai, wala Septemba. Hungoja mvua zijazo, na kungoja huko huchukua zaidi ya nusu ya mwaka.

Hali hii humtenga na nzige wa jangwani, ambaye huweza kuzaa vizazi kadhaa kwa mwaka na hutaga popote anapoikuta ardhi yenye unyevu. Nzige wa jangwani humlazimisha mdhibiti kuifukuzia mvua isiyotabirika katika eneo linaloanzia Afrika Magharibi hadi India. Nzige mwekundu hukaa kiangazi chote akiwa na umri mmoja na hali moja, na katika miaka ya kawaida hubaki ndani ya mbuga zilezile. Kwa mtu mwenye mafuta ya gari ya kutosha na watu wa kuhesabu, huyo ni adui anayeweza kutafutwa kwa utaratibu.

Yapo mafanano ya kalenda ambayo mkulima wa Mbozi au Kamsamba angeyatambua mara moja. Nzige huota mabawa wakati mahindi ya nyanda za juu yanapoelekea kukauka. Mwezi uleule ambao kaya hujiandaa kujaza ghala, nzige naye hujaza la kwake, tumboni. Akikuta majani ya kutosha, hula na kunona. Kisha mbuga hukauka, moto wa kiangazi huteketeza sehemu kubwa ya majani, na nzige waliotawanyika hujikuta wamesongamana katika vipande vilivyosalia kijani. Akiba huanza kutumika, hali kazi kubwa, ambayo ni mayai, bado iko mbele.

Matumizi ya akiba hiyo ni ya namna mbili zinazoshindana. La kwanza ni kuruka. Torkel Weis-Fogh, mtafiti wa Denmark, alionyesha mwaka 1952 kwa majaribio juu ya nzige wa jangwani kwamba safari ndefu huendeshwa hasa kwa mafuta, na kwamba sukari hutumika zaidi katika dakika za mwanzo. Sababu ni uzito. Gramu moja ya mafuta hutoa nishati zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga mkavu, na glikojeni ndani ya mwili haiwi kavu. Hubeba maji yake. Nzige ambaye angetegemea glikojeni pekee asingeweza kuinua mzigo wa chakula chake mwenyewe. Mwaka 1969 watafiti wa makundi mawili, Beenakkers kwa upande mmoja na Mayer na Candy kwa upande mwingine, walieleza homoni itokayo katika tezi ndogo iliyo nyuma ya ubongo, ambayo huiamuru tishu ya mafuta iachilie akiba yake damuni wakati wa kuruka. Muundo wa homoni hiyo, wenye asidi amino 10, ulijulikana mwaka 1976.

La pili ni kuzaa. Mvua zinapokaribia, homoni nyingine, ile iitwayo homoni ya ujana, huiamuru tishu ileile iache kulimbikiza na ianze kuunda protini ya mayai. Wigglesworth alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1936, kwa mdudu mnyonya damu aitwaye Rhodnius, kwamba mayai hayakui tezi ya homoni hiyo inapoondolewa. Kwa nzige mwekundu swali lilikuwa jingine: ni nini humwambia kwamba wakati umefika? Katika Kituo cha Utafiti wa Nzige jijini London, Maud Norris aliwalea nzige hao chini ya taa zilizopangiwa saa, na katika makala zake za mwaka 1959 na 1965 alionyesha kwamba urefu wa mchana, na hasa mabadiliko yake, ndio unaotawala kusita na kuanza kwa uzazi.

Matokeo hayo yanashangaza zaidi yakiangaliwa kutoka Songwe kuliko kutoka London. Bonde la Rukwa liko takribani nyuzi 8 kusini mwa Ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote katika mwaka haifiki saa moja. Mkulima wa huko hupanga kazi zake kwa mvua, upepo na majani, wala si kwa kupima mchana, kwa kuwa mabadiliko yake ni madogo mno kuonekana kwa siku moja au wiki moja. Nzige huyasoma. Kwa tofauti hiyo ndogo huamua kama mafuta yake yabaki kuwa akiba au yageuzwe kuwa mayai.

Watafiti wa awali wa mbugani hawakuwa na taa wala saa za maabara. A. Lea na D. van V. Webb, waliotoka Afrika Kusini, waliwachunguza nzige wa Rukwa mwaka 1936 na 1937. G. F. Burnett alichapisha mwaka 1951 maelezo ya maisha ya nzige wakiwa katika hali ya kukaa mmojammoja, kabla hawajaungana kuwa makundi. Desmond Vesey-FitzGerald alitazama zaidi majani kuliko mdudu, na pengine kwa sababu hiyo aliona mengi: kwamba bonde si pori moja bali ni mchanganyiko wa majani marefu ya Echinochloa, ukoka mfupi, na madoa ya ardhi tupu yenye chumvi, na kwamba nzige huhitaji vyote kwa pamoja, majani marefu ya kukaa na kula, ardhi wazi ya kutagia. P. M. Symmons, mwaka 1959, alihusisha kupanda na kushuka kwa idadi ya nzige wa Rukwa na mvua za misimu iliyotangulia. Majina haya yamehifadhiwa kwa sababu yalichapishwa. Watu wa vijiji vya bondeni walioajiriwa kutembea majanini, kuwarusha nzige na kuwahesabu, hawakuwekwa kwenye vichwa vya makala, ingawa takwimu zote zilianzia miguuni mwao.

4.0 Sumu na mafuta

Katika baa la miaka ya 1930 silaha zilikuwa za mkono: mitaro ya kufukia tunutu, matawi, moto, na pumba zilizochanganywa na sumu ya aseniki. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilihimiza pia mihogo kama zao la akiba ya njaa, kwa kuwa nzige hula majani lakini hawafikii kilicho ardhini. Ikumbukwe kwamba kumbukumbu ya nzige ilikuwa tayari imeunganishwa na maafa mengine. Baa la nyuma yake, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 1890, lilikuja wakati sotoka ilikuwa imewamaliza ng'ombe. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, aliyaweka maafa ya muongo huo katikati ya hoja yake kuhusu kuvunjika kwa mamlaka ya Waafrika juu ya mazingira yao.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mambo yalibadilika kwa haraka. Huduma ya Kimataifa ya Kudhibiti Nzige Wekundu iliweka makao yake Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, upande wa Zambia, katika nyanda zilezile zinazoendelea kutoka Tunduma kwenda kaskazini-magharibi. Kutoka Abercorn watumishi wake waliweza kushuka Rukwa, na pia kwenda Mweru wa Ntipa, kitovu kingine kilichotambuliwa katika miaka ya 1930. Mwaka 1948 D. L. Gunn na wenzake walichapisha ripoti ya majaribio ya kuwaua nzige kwa ndege nchini Tanganyika. Gunn mwenyewe baadaye aliiongoza Huduma hiyo.

Kemikali iliyomwagwa katika majaribio ya namna hiyo ilikuwa dinitro-ortho-kresoli, iliyofupishwa DNC, ikiwa imeyeyushwa katika mafuta. Uchaguzi wa mafuta badala ya maji ulikuwa na maana mbili. Matone ya mafuta hayakauki hewani kwa haraka kama matone ya maji, na ngozi ya mdudu, iliyopakwa nta, huyapokea kwa urahisi. Hata hivyo jambo la ajabu zaidi ni namna DNC inavyoua. Jamii hii ya kemikali huvunja uhusiano kati ya uchomaji wa chakula ndani ya seli na uvunaji wa nishati itokanayo na uchomaji huo, jambo lililoelezwa na Loomis na Lipmann mwaka 1948 kwa kutumia kemikali ya ndugu yake, dinitrofenoli. Seli huendelea kuchoma, kwa kasi kubwa kuliko kawaida, lakini hakuna kinachovunwa isipokuwa joto. Nzige aliyenyunyiziwa huwa kama nyumba ambayo ghala lake limewashwa moto: chakula kipo, kinaungua, na wenyewe wanakufa kwa kukosa.

Sifa hiyohiyo ilikuwa imeifanya jamii hii ya kemikali iwe dawa ya binadamu. Katika miaka ya 1930, Marekani na Ulaya, dinitrofenoli na dinitro-ortho-kresoli zilitolewa kwa watu waliotaka kupunguza unene, kwa kuwa zilichoma mafuta ya mwili bila mtu kufanya kazi. Watu walipata upofu, na wengine walikufa kwa joto la miili yao wenyewe. Dinitrofenoli ilikomeshwa Marekani kwa sheria ya mwaka 1938. Dinitro-ortho-kresoli iliendelea kutumika mashambani, na baada ya wafanyakazi kadhaa wa kunyunyizia kufa nchini Uingereza, nchi hiyo ilitunga mwaka 1952 sheria ya kuwakinga wafanyakazi wa kilimo dhidi ya kemikali za sumu. Hatari yake huzidi mahali penye joto, kwa sababu mwili unaotengeneza joto la ziada hushindwa kulitoa. Bonde la Rukwa ni mahali penye joto. Si haki kuihukumu miaka ya 1950 kwa maarifa yaliyokuja baadaye, lakini maarifa ya hatari hii hayakuja baadaye. Yalikuwa yamechapishwa muongo mmoja na zaidi kabla ya ndege ya kwanza kumwaga DNC juu ya nzige wa Tanganyika.

Dieldrini, iliyoenea katika udhibiti wa nzige duniani kuanzia miaka ya 1950, ilifuata njia nyingine. Hii haikuyachoma mafuta bali ilijificha ndani yake. Ni kemikali inayoyeyuka katika mafuta na kuvunjika polepole mno, hivyo ukanda mmoja wa majani ulionyunyiziwa uliweza kuua tunutu waliopita juu yake kwa wiki nyingi. Kwa mdhibiti mwenye ndege chache na mbuga pana, hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Lakini kemikali inayotulia katika mafuta ya mdudu hutulia vilevile katika mafuta ya ndege anayemla mdudu, ya samaki, na ya binadamu, na hupita katika maziwa ya mama. Katika bonde ambalo ziwa lake halina mto wa kutokea, kinachoingia hakina njia ya kusafirishwa mbali. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliiweka dieldrini katika orodha yake ya kwanza ya kemikali za kukomeshwa. Katika operesheni za nzige wekundu nafasi ya sumu hizo za zamani ilichukuliwa na nyingine, hasa fenitrothioni, ambayo huvunjika mapema zaidi na hushambulia neva.

5.0 Kutoka Abercorn hadi Ndola, na ujio wa kuvu

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 na Zambia mwaka 1964. Chombo kilichoanzishwa na serikali za kikoloni kikawa mali ya nchi huru, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kikaundwa upya kuwa Shirika la Kimataifa la Kudhibiti Nzige Wekundu Afrika ya Kati na Kusini, makao yake yakiwa Ndola. Tanzania, Zambia, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe ni miongoni mwa wanachama wake. Kuondoka Mbala kwenda Ndola kuliwasogeza watawala karibu na reli na viwanda vya Ukanda wa Shaba, na mbali na ukingo wa Rukwa. Shirika hilo limebeba pia jukumu la viwavijeshi na ndege aina ya kwelea kwelea, wanaoharibu nafaka karibu kila mwaka. Hapo ndipo penye udhaifu wake usiozungumzwa vya kutosha. Viwavijeshi na kwelea kwelea huonekana. Nzige mwekundu aliyedhibitiwa haonekani, na michango ya wanachama ni rahisi kucheleweshwa kwa ajili ya adui asiyeonekana. Kwa mdudu anayengoja miezi ya kiangazi kisha kutaga kwa pamoja mvua zinapoanza, kuchelewa kwa fedha hadi Novemba si sawa na kuchelewa hadi Agosti. Agosti jike hubeba mafuta. Desemba kila jike aliyetaga anaweza kuwa ameacha ardhini zaidi ya mayai mia moja.

Mwaka 2009 idadi ya nzige katika vitovu vya Tanzania ilipanda kwa kiwango cha kutisha. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, likishirikiana na shirika la Ndola na serikali ya Tanzania, lilitangaza mwezi Juni mwaka huo operesheni katika mbuga za Iku-Katavi, Ziwa Rukwa na bonde la Mto Malagarasi, juu ya eneo la takribani hekta 10,000. Safari hii kilichomwagwa kutoka angani hakikuwa kemikali ya sumu bali mbegu za kuvu aina ya Metarhizium acridum, zilizochanganywa katika mafuta, dawa iliyotokana na mradi wa utafiti wa kimataifa ulioanza mwaka 1989. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika dawa ya kibiolojia kutumika dhidi ya nzige kwa kiwango kikubwa namna hiyo. Sehemu ya eneo hilo ni hifadhi ya taifa yenye tembo, viboko na twiga, na maji yake huliwa samaki na watu, kwa hiyo chaguo la kemikali lingekuwa na gharama zilezile za zamani.

Kuvu huyu hupenya ngozi ya nzige, huingia katika damu, na huenea hadi kwenye tishu ya akiba. Huitumia trehalosi ambayo tishu hiyo imeiunda, na kisha huila tishu yenyewe. Seyoum, Moore na Charnley walionyesha mwaka 1994, kwa nzige wa jangwani, kwamba mdudu aliyeambukizwa hupunguza kuruka na kula siku kadhaa kabla ya kufa. Kasi yake ndogo, wiki moja hadi tatu, ndiyo lawama inayotolewa mara nyingi dhidi ya dawa hii, na kwa nzige wa jangwani aliyekwishaingia shambani lawama hiyo ina haki. Kwa nzige mwekundu wa Rukwa ina uzito mdogo. Mdudu asiyetaga hadi Novemba anaweza kuuawa polepole mwezi Juni, kwa sababu wiki tatu za ugonjwa bado humfikia katikati ya kungoja kwake, akiwa mbugani, mahindi ya Mbozi yakiwa yamekwishavunwa au yanavunwa, na ovari za majike zikiwa bado changa.